Jinsi ya kumpima mzee wako pua nyumbani, kabla kumbukumbu haijaanza kupotea

Idi ya mwaka juzi, Tanga, tumekaa mkekani watu kama tisa hivi, sinia la wali katikati na mchuzi wa samaki wa nazi wa mama, mchuzi ambao watu wanatoka Muheza kuja kuula. Binamu yangu akachukua tonge, akalisimamisha hewani, akanitazama. Na mi nikamtazama. Tui lilikuwa limechacha, na sio kuchacha kidogo, ile harufu ilitufikia kabla tonge halijafika mdomoni. Mama yeye anakula vizuri tu, anatuuliza mbona hamli, samaki mbichi kabisa huyo nimemchukua asubuhi Deep Sea.

Tukacheka, tukasema uzee huo, tukala kachumbari na wali mkavu. Mi mwenyewe nilicheka. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba siku ile ilikuwa alama, na ndo maana naandika haya, maana njia ya kumpima mtu pua nyumbani ni rahisi mno na haina gharama, ila watu wengi wanaifanya kimakosa (mi nikiwa wa kwanza) halafu wanapata jibu la uongo.

Niseme mapema, mi ni mwalimu wa shule ya msingi, sio daktari. Kipimo hiki hakikwambii mzee ana dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili taratibu) au hana. Kinakwambia uende hospitali mapema au usubiri, basi.

Kwanza, kwanini pua

Juu kabisa ndani ya pua kuna seli za kunusa, nyuzi zake zinapita kwenye vitundu vidogo vya mfupa zinaingia moja kwa moja kwenye ubongo, na njia ya harufu inaishia jirani kabisa na pale ubongo unapotunzia kumbukumbu mpya. Sasa ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndo aina ya dimenshia inayokamata watu wengi zaidi, kati ya 60 na 70 kwa kila 100 wenye dimenshia, unaanzia mitaa hiyohiyo. Kuna protini inaitwa tau ambayo inajikunja na kurundikana ndani ya seli za ubongo, na wataalamu wawili wa Ujerumani, Heiko Braak na mkewe Eva, walionyesha tangu 1991 kwamba marundo hayo yanaanza kwenye ule mlango wa kuingilia kwenye kumbukumbu, halafu ndo yanasambaa kwingine. Inachukua miaka mingi, hata zaidi ya 10, kabla mtu hajaanza kuuliza swali moja mara nne. Pua ikiwa inatumia njia hiyohiyo, inaguswa mapema.

Chicago kuna watafiti walichukua watu karibu 3,000 wa miaka 57 mpaka 85 wakawanusisha harufu tano tu: mnanaa, samaki, chungwa, waridi na ngozi. Wakawarudia baada ya miaka 5. Wale ambao hawakufikisha harufu nne kati ya tano walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuwa wamepata dimenshia, ukilinganisha na wenzao. Matokeo yalitoka 2017. Soma vizuri lakini, ni uwezekano kuongezeka, wengi walioshindwa hawakuugua, usije ukamzika mtu mzima mzima kwasababu kashindwa kutambua iliki.

Usimuulize kama ananusa

Hili ndo kosa la kwanza na ndo kubwa. Unamuuliza "mama, harufu unasikia vizuri?" anakujibu "nasikia mwanangu, kwani vipi", na wewe unaridhika. Mtu anayepoteza macho anajua, anagonga milango. Anayepoteza pua taratibu hajui, kwasababu kitu kisichonusika hakimwachii pengo lolote la kumshtua. Kuna mji mdogo Marekani unaitwa Beaver Dam, jimbo la Wisconsin, waliwapima pua watu wazima wa huko wa miaka 53 mpaka 97, matokeo wakayatoa 2002: karibu watu 25 kati ya 100 pua zao zilikuwa na kasoro, ila waliosema wenyewe kwamba wana tatizo hawakufika hata 10. Kwa waliovuka 80 ilikuwa zaidi ya 60 kati ya 100. Kwahiyo ukiuliza kwa mdomo umepoteza muda.

Na hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo, sisi harufu tunaisikia. "Nasikia harufu." Mtu akikwambia anasikia, hujui kama anamaanisha pua imeguswa na kitu au ametambua kitu chenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na ndo kiini cha kipimo chote. Mama alikuwa anasikia. Unampa kahawa, anasema "ee, ipo harufu, kitu kizuri", ukimuuliza kitu gani anakwambia sabuni.

Kosa langu la Vicks

Mara ya kwanza nilipoamua kumpima nilichukua Vicks. Nikafungua kikopo nikamsogezea, akarudisha kichwa nyuma, "aah, hiyo kali!" Nikaona pua nzima, nikalala usingizi miezi sita.

Kumbe pua ina mishipa miwili ya fahamu. Mmoja ni wa harufu. Mwingine ni wa uso, ule unaosikia maumivu, baridi na moto, na huo ndo unaoshtuka kwa Vicks, pilipili, siki kali, amonia, kitunguu kibichi, spiriti. Mtu ambaye pua yake imekufa kabisa bado atapiga chafya kwa pilipili manga na bado atalia machozi akikata vitunguu. Kwahiyo vitu vyote vinavyowasha, vinavyochoma na vinavyopoza vitoe kwenye kipimo. Mafuta ya taa na petroli pia achana navyo, kwanza ni hatari kumpulizia mtu mzima, pili navyo vinawasha.

Vitu vya kuandaa

Kule Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuna bwana anaitwa Richard Doty, yeye na wenzake walitoa mwaka 1984 kipimo cha harufu 40, unakwaruza kijikaratasi unanusa halafu unachagua jibu moja kati ya manne. Kizuri sana, kimetumika dunia nzima, ila ndani yake kuna achari ya matango ya kizungu, kuna pai ya maboga, kuna kinywaji kinaitwa root beer. Mama yangu pai ya maboga aijulie wapi? Akishindwa hiyo nitasema ubongo umeharibika au nitasema hajawahi kula? Kwahiyo harufu lazima ziwe za maisha yake yeye. Mimi nilichagua nane: kahawa ya kusaga, iliki, karafuu, ganda la chungwa, dagaa wakavu, sabuni ya kufulia ya mche, marashi ya waridi na karanga za kukaanga. Huyo ni mwanamke wa Tanga. Kama mzee wako ni wa Usukumani toa marashi weka samli, kama ni wa Bukoba weka senene wa kukaanga, utajua mwenyewe alikulia na nini. Angalizo la karafuu, ina ukali kidogo, weka mbili tu zilizopondwa.

Nenda duka la dawa omba vikopo tupu vya vidonge, vile vyeupe visivyoonyesha ndani, vinane vya harufu na cha tisa kiache kitupu. Kila kimoja weka kitu chake kama kijiko kimoja cha chai, iliki na karafuu ziponde siku hiyohiyo, ganda la chungwa libane kidogo litoe mafuta, marashi matone mawili kwenye pamba. Juu yake funika na pamba nyepesi au kipande cha chachi ili hata akifumbua macho asione. Andika namba chini ya kopo, usiandike jina, na namba zenyewe changanya. Hicho kitupu ni cha muhimu kuliko unavyofikiri, nitakwambia.

Kingine ni majibu ya kuchagua. Usimuulize "hii nini?" kavukavu, hata wewe mwenye pua nzima ukifungwa macho ukapewa harufu bila muktadha jina linaweza kukukwama kwenye ulimi, jaribu uone. Andaa majibu manne kwa kila kopo, mfano: kahawa, samaki, sabuni, chungwa. Yawe mbalimbali, usiweke iliki na mdalasini na karafuu pamoja kama mtihani wa kukomoa. Kama mzee anasoma mwandikie kwa herufi kubwa kwenye kadi, kama hasomi mwekee vitu vyenyewe au picha mezani aonyeshe kidole. Ukimsomea kwa mdomo tu majibu manne na kumbukumbu yake tayari inayumba, atakuwa ameshasahau la kwanza ukifika la nne, hapo umepima kumbukumbu sio pua.

Siku yenyewe

Asubuhi ndo nzuri, saa mbili tatu hivi, kabla jiko halijawashwa na kabla hajafukiza udi. Asiwe na mafua, na kama alikuwa nayo subiri wiki tatu nne zipite. Asiwe ametoka kula au kuvuta sigara au ugoro muda sio mrefu, saa nzima ipite. Dirisha wazi ila feni zima.

Na namna ya kumwambia jamani. Usimkalishe mzee ukamwambia nakupima kama umepata ugonjwa wa kusahau, utamtia hofu au utamuudhi, na kwetu mtoto kumwambia mzazi hivyo ni kukosa adabu kabisa. Mi nilisubiri wajukuu wapo, nikasema "Mama, shikamoo, leo kuna mchezo, tunanusa vikopo tunaona nani mjanja." Wajukuu wakaanza, kila mtu akapigwa zamu, na mimi nikapigwa zamu, shangazi yangu mwenye miaka 74 naye akapigwa zamu. Hii sio kwa ajili ya kumdanganya tu, ni kwamba unapata watu wa kulinganisha nao. Kama shangazi wa umri uleule amepata saba na mama amepata tatu, una kitu mkononi. Kama wote hadi mtoto wa darasa la nne mmekosa kopo namba tano, basi hilo kopo ni bovu, karanga zimelala.

Anafumba macho, kopo unalishika wewe, unalisogeza mpaka kama upana wa vidole viwili kutoka puani, usimguse. Anavuta hewa mara mbili tatu fupi. Kwanza unamuuliza, "kuna kitu au hakuna kitu?" Unaandika. Halafu, "ni kipi kati ya hivi vinne?" Lazima achague, hata kama anabahatisha mwambie abahatishe. Unaandika. Usimwambie amepata au amekosa, usiangue kicheko, wajukuu nao waonye mapema. Pumzika nusu dakika mpaka dakika nzima kabla ya kopo jingine maana pua inachoka haraka.

Kile kikopo kitupu kiweke kama cha tatu au cha sita. Akisema "hakuna kitu", sawa, anakujibu kweli. Akisema "ee, ipo, ni waridi", ujue kuna majibu anayatoa kukufurahisha, na wazee wetu wengi wako hivyo, hawataki kuonekana wameshindwa mbele ya wajukuu. Mama alisema ni kahawa. Akaongeza na sukari.

Kusoma majibu

Kwenye mtihani wa kuchagua wenye majibu manne, mwanafunzi ambaye hajasoma chochote anapata robo kwa kubahatisha. Yaani kwa makopo nane, mbili ni za bure. Kwahiyo mtu aliyepata mbili au tatu hajapata kitu. Saba au nane pua yake nzima. Hapo katikati, nne tano sita, usiseme lolote, rudia baada ya wiki mbili na namba ukiwa umezipanga upya. Hii mipaka ni yangu ya kienyeji kutoka kwenye hesabu ya kubahatisha, haina muhuri wa hospitali yoyote, we itumie kuamua kama utarudia au utaenda kumwona daktari.

Angalia zaidi ameshindwa vipi. Kama hasikii kitu chochote kwenye makopo yote na hali ilianza ghafla, tuseme baada ya homa kali au baada ya Covid ile ya 2020 na kuendelea, au baada ya kuanguka na bodaboda akagonga kichwa, hapo sababu kubwa ni pua au ile njia yake imeharibiwa, na dimenshia inashuka kwenye orodha. Kama tundu moja tu ndo limekufa (jaribu kwa kuziba moja baada ya jingine), mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo aangalie ndani, inaweza kuwa vinyama vya puani au kitu kingine kinachohitaji kuonekana mapema. Kama pua inaziba ziba siku zote, hivyohivyo. Sigara miaka mingi, kupikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, kufanya kazi kwenye vumbi na kemikali, vyote vinakula pua. Na umri wenyewe unakula, zile takwimu za Beaver Dam si umeziona.

Kinachotakiwa kukusimamisha ni hiki: anasikia kwamba kuna kitu ila hakitambui, au anakitaja tofauti kabisa kwa kujiamini, hali imekuja taratibu kwa miaka, hakuna mafua hakuna ajali, na yeye mwenyewe hana habari.

Hapo katikati niweke na hili la siagi ya karanga maana najua utaniuliza. Kuna meseji inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp miaka sasa, eti mnusishe mzee siagi ya karanga na rula, tundu la kushoto likishindwa kuliko la kulia ana Alzheimer. Haikutungwa hewani, ilitoka Chuo Kikuu cha Florida 2013, ila wagonjwa wenye Alzheimer waliopimwa walikuwa 18 tu. Mwaka uliofuata watu wa Pennsylvania walirudia kipimo na hawakuona tofauti ya kushoto na kulia. Hiyo sehemu ya pili haijawahi kuingia kwenye grupu lolote nililomo mimi.

Pua peke yake haitoshi

Ukishaona pua haiko sawa, sasa kaa kimya na angalia mambo mengine kwa wiki kadhaa, uwe na daftari. Sio yale ya kusahau funguo, hayo hata mi nasahau. Angalia kama anapoteza mpangilio wa kitu alichofanya maisha yote, kwa mama ilikuwa pilau, alikaanga mchele kabla ya kitunguu akasimama pale na mwiko mkononi anaangalia sufuria kama ya mtu mwingine. Angalia rakaa, kama anaswali anaswali tena kwasababu hakumbuki ni ya ngapi. Angalia chenji dukani, namba ya siri ya M-Pesa, njia ya kwenda sokoni ambayo ameipita miaka 40. Kurudia hadithi ileile ndani ya nusu saa. Kulaumu watu kwamba wameiba kitu alichokificha mwenyewe.

Na usingizi muulize anayelala naye karibu. Kama usiku anapiga kelele, anarusha mateke na ngumi kama yuko ndotoni anapigana, na pua imekufa, mwambie daktari hayo mawili pamoja, kwasababu Parkinson, ule ugonjwa wa mikono kutetemeka, na jamaa yake dimenshia ya Lewy zinapenda kuanza hivyo, tena miaka kabla ya kutetemeka kwenyewe.

Kuna watu wataanza kukwambia karogwa, au mbaya zaidi yeye ndo mchawi. Si unajua bibi vizee walivyopata shida Kanda ya Ziwa kwa macho mekundu tu ya moshi wa jikoni. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipowapima wazee wa vijijini wa miaka 70 na kuendelea, mwaka 2009 na 2010, kama 6 kati ya kila 100 walikuwa na dimenshia. Ni ugonjwa, upo vijijini kwetu, una jina.

Ukifika hospitali

Sisi tulianza zahanati moja, nesi akamwangalia akasema "uzee tu mama, nendeni mkapumzike." Usikubali kurudi na hilo jibu. Kuna vitu vinavyofanana na dimenshia ambavyo vinatibika, na lazima vitolewe kwanza. Omba wapime sukari, presha, damu, homoni za thairoidi, vitamini B12, VVU, kaswende, na mkojo. Mkojo usiudharau, mzee mwenye maambukizi ya mkojo anaweza kuchanganyikiwa kabisa ndani ya siku mbili halafu akarudi sawa akitibiwa. Kama anatumia metformin ya kisukari miaka mingi, sema, maana inashusha B12. Kama ameanguka siku za karibuni, sema, damu inaweza kuwa imevujia taratibu kwenye fuvu. Masikio nayo yapimwe, asiyesikia vizuri anaonekana kama anasahau.

Na dawa zote anazomeza zibebe kwenye mfuko, hadi za dukani. Mama kumbe kila usiku alikuwa anameza Piriton mbili ili alale, miaka mingi, hakuna aliyejua maana kwetu Piriton sio dawa ni kama pipi. Dawa za kundi hilo zinavuruga kumbukumbu za wazee. Daktari alimwachisha na ndani ya mwezi akachangamka kiasi, tukashangilia, ila pua haikurudi na pilau halikurudi lote. Kipimo cha kumbukumbu cha hospitali ya rufaa kikaonyesha dimenshia ndo inaanza. Daktari wa masikio, pua na koo unampata hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC au Bugando, na ukiandikiwa barua ya rufaa kutoka chini inakurahisishia. Mwambie daktari majibu ya makopo yako kwa namba: "kati ya nane ametambua tatu, mara mbili, tofauti wiki mbili." Huyo wa kwetu aliinua kichwa akaweka kalamu chini, ndo akaanza kusikiliza.

Dawa ya kurudisha nyuma Alzheimer haipo. Kuna mazoezi ya pua, daktari mmoja wa Dresden, Ujerumani, anaitwa Thomas Hummel aliyachapisha 2009, unanusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu asubuhi na jioni kwa wiki 12, na yanaweza kuwasaidia waliopoteza harufu kwa virusi. Kwa dimenshia usitegemee muujiza. Ila mama anayapenda kwa sababu ya karafuu, inamkumbusha Pemba alikozaliwa, basi anafanya, hakuna hasara.

Kilichotufaa sisi ni muda. Mama bado ana akili ya kuamua, akatuita akasema hati ya kiwanja iko wapi, nani anamdai na nani anadaiwa, nani hataki amwogeshe siku akishindwa. Hilo la mwisho tulicheka, lakini tumeandika.

Nyumbani, leo leo

Gesi ndo ya kwanza. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, ile harufu mbaya wanaitia makusudi kiwandani ili uisikie ikivuja. Mzee asiyenusa hana ulinzi huo hata kidogo. Regulata ifungwe mtungini kila baada ya kupika, na mtu mwingine ndo afunge. Ukiweza nunua kengele ya gesi, na uifunge chini karibu na sakafu, sio juu, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa inatambaa chini. Ukiikuta imejaa ndani usiwashe wala kuzima taa, fungua milango utoke na watu wako.

Chakula kiandike tarehe kwa maka pen kwenye vyombo vya friji. Maziwa na tui kuna mtu wa kunusa, kwetu ni mjukuu wa darasa la nne, bibi yake anamwita anamsogezea bakuli bila kusema neno. Angalia na chumvi na sukari, ulimi bado unajua chumvi, sukari, uchachu na uchungu, ila sehemu kubwa ya ladha iliyobaki ilikuwa inatoka puani, kwahiyo mzee asiyenusa chakula kinamwia kama karatasi, anaongeza chumvi mpaka presha inapanda au anaacha kula anakonda. Hapo ule mshipa mwingine wa pua uliokuharibia kipimo unakufaa: pilipili, tangawizi, ndimu, anavisikia bado.

Makopo usiyatupe. Rudia kila baada ya miezi sita, daftari lilelile. Kahawa na karafuu zikifungwa vizuri zinakaa kidogo ila mi nabadilisha zote, ganda la chungwa lazima liwe la siku hiyo, na dagaa waweke mbali na paka.